Gari Lililonyolewa

Asubuhi ile vioo vya gari vilikuwa vimetandwa na mvuke kwa upande wa ndani, kama vioo vya chumba walimolala watu wengi, ilhali gari lilikuwa tupu na milango yake ilikuwa imefungwa tangu jioni. Fundi rangi ndiye aliyeona kwanza. Alisimama na kikombe cha chai mkononi, akapitisha kidole juu ya kioo, na kidole hakikuacha alama, kwa kuwa unyevu haukuwa upande wake. Alipokuwa bado anatazama, tone moja lilijikusanya ndani, juu ya kioo, likateremka polepole. Halikuwa jeupe kama maji. Lilikuwa na rangi ileile ya chai aliyokuwa akinywa. Aliimwaga chai, akaenda kumwita mwenye gereji.

Gereji ilikuwa ya mume na mke. Mume alikuwa fundi bodi, na watu walimwita Kiganja, kwa sababu alipotafuta kasoro kwenye bati hakuyategemea macho. Aliyafumba, akapitisha kiganja cha mkono juu ya mlango kama mtu anayempapasa farasi, na pale kilipokwama ndipo palipokuwa na kosa. Mke alikuwa fundi viti. Alishona ngozi, akavalisha milango, dari na dashibodi, na mshono wake ulikuwa umenyooka kiasi kwamba wateja waliuinamia kuutazama kwa karibu. Fundi rangi, ambaye kila mtu alimwita Kinyonga, alikuwa mwajiriwa wao, lakini alikuwa amekaa nao hadi akawa ndugu, na yule mama alikuwa kwake shemeji wa kutaniana naye kutwa kucha. Kwao palikuwa hapohapo, vyumba viwili nyuma ya gereji, vikitenganishwa nayo kwa ukuta mmoja na mlango mmoja.

Kazi yao ilikuwa magari ya zamani tu, na wenye magari ya zamani wana madhehebu yao. Wapo wanaotaka gari lirudi kama lilivyotoka kiwandani, hadi bolti ya mwisho. Hao hukosa usingizi wakiambiwa kwamba taa moja si ya mwaka wake. Wapo wanaoiacha kutu ilivyo, wakaipaka vanishi juu, wakajivunia ukurutu kama mtu anayejivunia kovu la vita ambavyo hakupigana. Wapo wanaolilaza gari mpaka tumbo linakaribia kulamba lami. Wapo wanaotoa moyo wa zamani na kutia mpya: injini ya kisasa, breki za kisasa, kiyoyozi, na skrini mahali palipokuwa na redio ya vifungo, wakabakiza ganda tu. Kiganja alikuwa amewafanyia watu mitindo yote hiyo, lakini mapenzi yake yalikuwa kwenye mmoja, ule ambao mafundi huuita kunyoa. Kulinyoa gari ni kuondoa kila kilichojitokeza na kuziba kila kilichobonyea: vishikio vya milango, nembo, vioo vya pembeni, tundu la ufunguo, hata kifuniko cha tangi, mpaka ubavu mzima wa gari uwe kitu kimoja kisicho na mwanzo wala mwisho, na mlango ufunguke kwa kitufe cha rimoti iliyo mfukoni.

Gari hili lilikuwa la daktari wa meno. Alilikuta nyuma ya ghala moja lililoachwa, limesimama peke yake chini ya paa bovu kwa miaka isiyojulikana, na mlango wa dereva ulikuwa hauna kitasa, tundu tu, ambalo ukingo wake ulikuwa umelainika na kung'aa, kana kwamba kitu kilikuwa kikipita hapo kila siku. Kiganja aliliona tundu hilo, akalipapasa, na hakujiuliza. Alilichomelea siku ya kwanza ya kazi.

Daktari alitaka gari lipelekwe kwenye maonyesho, lisimamishwe juu ya vioo ili watu walione hadi tumbo. Kwa ajili hiyo Kiganja alifanya jambo ambalo fundi bodi halifanyi. Chini ya kila mlango wa gari kuna vijitundu vidogo vya kutolea maji. Mvua ikinyesha, maji huteremka kwenye kioo, huingia ndani ya mlango na kutokea hapo. Anayeviziba huwa ameuozesha mlango kwa mkono wake mwenyewe. Kiganja aliyajua hayo kuliko mtu yeyote katika mji ule. Lakini kila kiganja chake kilipopita pale kilikwaruzwa, na hakuweza kuvumilia. Alivichomelea vyote, akavipaka puti, ile lipu laini ya kusawazisha bati, akapiga msasa. Kinyonga alipouliza, alijibiwa kwamba gari hili halitanyeshewa mvua tena maishani mwake.

Yote hayo yalifanyika huku mke wake akishona ndani. Ili vumbi la msasa lisiikalie ngozi, alijifungia humo mchana kutwa, na taa ndogo ikining'inia kwenye dari, akipumua hewa ya gundi na sponji. Wiki za mwisho alikuwa mtu wa pekee aliyekuwa akiingia na kutoka katika gari lile.

Walipoufungua mlango asubuhi ile ya mvuke, kilichotoka hakikuwa harufu ya ngozi mpya. Kilikuwa kizito na cha uvuguvugu, kikawagusa usoni kabla ya kuwaingia puani, kama pumzi ya mtu aliyesogea karibu ili aseme jambo la siri. Kilinuka maji ya maua yaliyosahaulika kwenye chombo, na chini ya harufu hiyo palikuwa na nyingine, yenye utamu mbaya. Kinyonga alitema mate. Kiganja alipitisha tambara kwenye kioo, likarudi na utelezi unaovutika, ambao ulinyooka kati ya kidole na kidole kama ute wa yai bila kukatika.

Mke wa Kiganja aliwakuta wamesimama hivyo, akawacheka. Aliwauliza kama wanaume wawili wazima wanaogopa jasho la gari, akanyakua tambara, akafuta vioo vyote, kisha akaingia na kujifungia. Alikuwa amebakiwa na mlango mmoja wa kuvalisha.

Saa sita mchana daktari wa meno alikuja kuitazama mali yake. Alilizunguka gari akitabasamu peke yake, akafungua mlango kwa rimoti, akaingiza kichwa, akakitoa. Uso wake ukawa wa kazini.

"Harufu hii naijua," alisema. "Mgonjwa akija nayo, najua kuna mwenzangu aliyeziba jino juu ya uozo. Juu linang'aa, chini usaha."

Walicheka wote, yeye akiwa wa kwanza, na Kinyonga akasema kumbe madaktari nao wana mafundi wao wa puti. Daktari aliagiza litiwe manukato, akasema atarudi kulichukua juma lijalo, akaenda zake.

Jambo la pili lililokuwa si sawa lilikuwa dogo kiasi cha kufanyiwa utani. Joto lilikuwa kali, mashati ya wanaume yalikuwa yameganda migongoni, lakini mke wa Kiganja alitoka garini akiwa mkavu, na paji la uso wake liling'aa bila hata tone moja.

"Shemeji," alisema Kinyonga, "umejipaka vanishi yangu bila ruhusa?"

Alimjibu kwamba angeipata wapi, na yeye Kinyonga hulala ameikumbatia. Jioni, hata hivyo, alisimama mbele ya kioo na hereni mkononi kwa muda mrefu mno. Alimwita mumewe kwa sauti ya chini, akamwambia kwamba haziingii, matundu yamefunga. Alikuwa ametobolewa masikio akiwa mtoto mchanga. Kiganja alilishika sikio, na kwa mazoea yake akafumba macho na kupitisha kidole gumba. Hapakuwa na kovu. Hapakuwa hata na kishimo. Nyama ilikuwa laini moja kwa moja, imesawazishwa, haina pa kukwamisha ukucha. Mkono wake uliitambua kazi ile. Ilikuwa ya namna yake mwenyewe, na ilikuwa nzuri.

Hakumwambia. Alisema labda ni uvimbe.

Siku zilizofuata hazikuwa na mahali pa kuegemea. Zahanati walimpa dawa ya mzio na barua ya kwenda hospitali kubwa, na kule hospitali kubwa walishangaa, wakamtazama, wakaitana, wakamwambia arudi baada ya vipimo. Vinyweleo vya mikono yake vilikwisha, kisha vijitundu vyenyewe vya ngozi vikafutika, ngozi ikawa kama bati lililokwisha kupakwa rangi na kung'arishwa. Kwa kuwa hakutoka jasho, alichemka. Kwa kuwa haja ndogo ilitoka kwa shida na ile kubwa haikutoka kabisa, tumbo lilijaa na kukaza, na yote yaliyopaswa kumtoka yalianza kutafuta njia nyingine, hivi kwamba alipofumbua kinywa ilitoka pumzi ileile ya gari, ya uvuguvugu na utamu mbaya. Aliijua mwenyewe, akaweka kitambaa mdomoni kila alipotaka kusema, na alipowaona watu wakigeuza nyuso aligeukia ukutani kabla hawajamaliza kugeuka. Mumewe aliendelea kulala kando yake. Alipumua kwa mdomo, na alijichukia kwa hilo, lakini hakuacha.

Mchana mmoja Kinyonga alikuwa peke yake gerejini, akipiga rangi boneti ya gari jingine, barakoa usoni. Kelele za mtaani zilikuwa zimetulia kwa joto. Akasikia kitu kikimeza. Lilikuwa funda moja, la koo lenye kiu, kisha la pili, na kila moja lilifuatiwa na kushusha pumzi kwa utelezi, na vyote vilitoka ndani ya mlango wa dereva wa gari la daktari, pale katikati ya bati na ngozi ambapo hapana nafasi ya kukaa hata panya aliyekonda. Aliizima mashine ya rangi, akasogea kwa vidole vya miguu, akatega sikio. Ndipo, kupitia ule mlango mmoja wa nyumba, alipomwona Kiganja amekaa kitandani akimnywesha mkewe maji kwa kijiko. Na kila koo la mwanamke lilipopanda na kushuka bila sauti, gari lilimeza. Kinyonga alitoka nje akatapika ukutani, kisha akaenda moja kwa moja kumtafuta mganga, bila kumuuliza mtu.

Mganga alikuwa mtu mfupi aliyevaa koti zito katika jua kali na kuja na kigoda chake mwenyewe, kwa kuwa hakuviamini viti vya watu. Hakuanza na mgonjwa. Alilizunguka gari, mkono mmoja puani, akiinama huku na huku kama mtu anayetafuta mlango wa choo katika nyumba ngeni.

"Hili linapumulia wapi?" aliuliza.

Kiganja alijibu kwamba gari halipumui.

"Ndiyo maana linanuka," alisema mganga.

Aliagiza mgonjwa aletwe, akaletwa akiwa amekalishwa kwenye kiti cha mbele cha gari jingine, kilichokuwa kikingoja ngozi. Pua yake ilikuwa imebaki upande mmoja. Midomo ilikuwa imeungana kutoka pembeni, ikabakiza katikati mwanya wa kupitisha kijiko. Mganga alikaa kwenye kigoda, akasoma maneno yake kwa sauti ya chini mfululizo, hadi hewa ya gereji ikawa nzito kama blanketi lililolowa. Kisha akauliza, kwa adabu, kama anayebisha hodi kwa mtu mkubwa, ni nani aliyemo. Mwanya ule ukatikisika. Sauti iliyotoka haikuwa ya mwanamke wala ya mwanamume. Ilikuwa sauti ya mtu aliyejaziwa kitu mdomoni na hana pa kukitema.

"Nilikuwa na mlango," ilisema. "Nilikaa pale kabla yenu. Nilitoka alfajiri, nikaoga kwenye umande, nikarudi kwangu. Sikumgusa mtu. Mmeniziba na haja yangu. Nalala juu ya uchafu wangu, naula, nauvuta. Mnanuka gundi. Mnanichefua."

Mganga aliuliza mwanamke amekosa nini.

"Alikuwa na matundu. Nikaazima. Naye nitamnyoa, huyu bwana aone kazi yake ikikamilika."

Kinyonga alianza kulia bila sauti. Mganga alifuta uso kwa kiwiko cha koti, akamgeukia Kiganja na kumweleza kwa maneno machache. Afungue alichoziba, mlango wa jini kwanza, yaani lile tundu la kitasa. Na afungue yeye, kwa mkono uleule ulioziba. Mganga na Kinyonga wangemrudisha mgonjwa ndani, na kisomo kingeendelea kandokando yake ili ile pumzi iliyobaki isikatike.

Kiganja alilitazama gari. Kwa mara ya kwanza katika mazungumzo yale alizungumza kama fundi. Aliuliza kama haitatosha kufungua kwa chini, vile vijitundu vya maji. Navyo aliviziba yeye, na shimo ni shimo.

"Wewe," alisema mganga, "ungekubali kutolewa nyumbani kwako kwa bomba la choo?"

Walimwacha peke yake na zana zake.

Alisimama mbele ya ule mlango wa dereva kwa muda ambao hakuupima. Mwanga wa mchana uliingia kutoka uani ukalala juu ya rangi bila kukatika, kutoka taa ya mbele hadi ya nyuma, na hakuna kilichouzuia njiani. Hakuwa amewahi kufanya kazi kama hiyo, na alijua kwamba hangeifanya tena, kwa kuwa mikono ilikuwa imeanza kumtetemeka siku za baridi. Kukata pale kulikuwa kulipiga bati joto, na joto lingekunja ubavu mzima. Hakuna puti ya kurudisha hilo. Alipapasa. Alipapasa tena, kama aliyesahau kitu. Kisha akachukua jeki, akainua gari, akalala chali chini yake na drili, akaanza kutafuta kwa ncha za vidole mahali ambapo shimo halingeonekana na mtu.

Alipotoboa kijitundu cha kwanza, kilitoka kitu ambacho kwanza alidhani ni mafuta machafu. Kilikuwa kizito na cha moto, chenye mabonge, kikamwagikia kifuani na shingoni, na katika mabonge yale mlikuwa na nywele ndefu zilizosokotana, na magamba kama ya kucha, na vipande vya sponji vilivyokwisha kutafunwa na kutemwa na kutafunwa tena. Alijizuia asifumbue kinywa. Alitoboa cha pili na cha tatu, akavuta ndoo, na uchafu ukamiminika ukitoa sauti ya tumbo linaloharisha, na mbu na nzi ambao hawakuwa wamelisogelea gari lile hata siku moja waliingia kutoka uani wakaijaza hewa. Kutoka chumbani Kinyonga aliita kwamba shemeji anavuta hewa kwa pua zote mbili. Kiganja alilala palepale chini ya gari, amelowa hadi kwenye nguo za ndani, akacheka. Alikuwa amewaokoa wote wawili, mke na gari.

Alikuwa bado anacheka lile tone la mwisho liliponing'inia kwenye ncha ya kijitundu, likasita, likarudi juu.

Kitu kilianza kuziba kwa ndani. Aliona nywele zikivutwa kwenye tundu na kusukwa humo kwa ustadi, kisha ute ukapita juu yake na kukauka, na pakawa laini, laini kuliko alivyopaacha yeye. Kikafuata cha pili. Kikafuata cha tatu. Halafu gari lote juu yake likagonga, si kwa nguvu, bali kwa dharau, kama mtu mzima anayegonga meza kwa kifundo cha kidole akingoja mjinga amalize kusema, na kutoka chumbani sauti ya mganga ikapanda, na ya Kinyonga ikakatika katikati ya neno.

Walimtoa mwanamke mbio kwenye mwanga wa uani, wakamlaza juu ya turubai. Pua ilikuwa imefunga. Midomo haikuwa midomo tena. Palikuwa na ngozi tambarare yenye mstari hafifu, kama mahali pa kuungania bati kabla ya puti ya mwisho, na katikati ya mstari palibaki tundu la kupenya sindano, ambalo lilipiga filimbi nyembamba kila kifua kilipopanda. Macho yalikuwa wazi. Yalimtafuta mumewe, yakampata, yakamtazama alivyolowa, yakaliona gari nyuma yake lilivyo zima.

Ni wakati huo daktari wa meno alipoingia uani, rimoti ya gari mkononi, amekuja kuchukua mali yake. Hakuuliza habari. Alipiga goti kwenye turubai na suruali yake ya kazini, akalishika taya la mgonjwa kwa mikono miwili, akapitisha kidole gumba pale palipokuwa na mdomo, akisaka mwanya. Harufu ilimpiga, akakunja uso, lakini hakuuondoa.

"Nini kimemfunga?"

Mganga alimwambia kwa sentensi moja, akionyesha gari kwa kidevu. Daktari aligeuka akalitazama mara moja.

"Toboa," alisema.

"Daktari, rangi ile—"

"Toboa, bwana. Gari ni langu."

Kiganja alikimbia. Alichukua grenda la kukatia bati, akaliwasha, akalikita kwenye mlango wa dereva pale ambapo mkono wake ulikumbuka tundu la kitasa lilipokuwa, na cheche zikamrukia usoni, na rangi ikavimba malengelenge, ikakunjamana na kuanguka kama ngozi iliyobabuka, na chini ya rangi puti, na chini ya puti bati lililolia kwa sauti iliyopanda na kupanda hadi ikafanana mno na kilio, na bado alisukuma, huku ubavu ule wote ulioteleza kama maji ukijipinda mbele ya macho yake kutoka taa hadi taa, mpaka diski ikapenya ghafla na kipande cha ukubwa wa kiganja kikaangukia ndani. Alizima mashine. Kulikuwa na kimya. Kisha kitu kikatoka.

Hakuna aliyekiona, lakini kila mtu aligeuza uso. Kilipita katikati yao kikiwa na joto la mwili wa mtu mgonjwa, kikikokota kitu kilicholowa sakafuni, na harufu yake ilikuwa ya kwamba mganga, ambaye alikuwa ameona mengi, alilivuta koti lake na kujifunika kichwa. Nyayo zilitokea kwenye saruji moja baada ya nyingine, nyembamba, zimegeukia nyuma, kila moja ikijaa rangi ya chai. Zilikwenda hadi kwenye bomba la maji la uani. Bomba likafunguka. Maji yalitoka, yakagawanyika hewani juu ya kitu ambacho hakikuwepo, yakadondoka chini meusi, na yakaendelea kudondoka kwa muda mrefu, wakati watu wazima wanne wakiwa wamesimama wakitazama ukuta, kama inavyostahili mtu anapooga. Maji yalipoanza kudondoka safi, bomba lilifungwa, taratibu, na mtu anayejua kufunga bomba.

Nyuma yao mdomo wa mwanamke ulifunguka kwa sauti ya ngozi inayobanduliwa kwenye gundi. Alivuta hewa. Alitapika, akatapika tena, na daktari wa meno alimshika kichwa upande na kumwachia atapikie mikono yake, akimwambia vizuri, mama, vizuri, itoe yote. Jasho lilimchuruzika usoni hadi likaingia machoni. Kinyonga alisema, kwa sauti iliyovunjika, kwamba vanishi imemtoka, na shemeji yake, akiwa hivyo alivyo, alimpiga kofi dogo mguuni.

Daktari aliondoka na gari jioni ileile, na mlango wake ukiwa na tundu lenye kingo nyeusi. Kiganja aliahidi kulitengeneza upya. Daktari alimwambia asijisumbue, na hakumpa mkono.

Mke alirudi kwenye cherehani baada ya muda. Masikio aliyatoboa tena, akiutania uzee wake kwa kulizwa na sindano. Alitaniana na Kinyonga kama zamani, akawahudumia wateja, akapika, akamwekea mumewe chakula mbele yake na kukaa upande wa pili wa meza. Hakuwa amenuna. Kiganja alingoja anune, ili apate pa kuanzia. Mwishowe, jioni moja walipokuwa wawili tu gerejini, alimuuliza amemkosea nini. Mama yule hakusimamisha cherehani mara moja. Alimaliza mshono uliokuwa chini ya sindano, akakata uzi.

"Walionirudisha chumbani walidhani niko kitandani," alisema. "Sikuwa kitandani. Nilikuwa mle ndani nalo, kwenye mlango, uso wangu kwenye uchafu wake. Nilikusikia umesimama. Nikasema, sasa anakata. Halafu nikakusikia chini, unapapasa. Nilizisikia kucha zako, bwana. Unatafuta mahali pasipoonekana."

Kiganja alisema kwamba mwishowe alikata.

"Daktari hakunijua hata jina," alisema mkewe. "Alisema mara moja."

Hakulia, wala hakupandisha sauti. Alichukua kipande kingine cha ngozi, akakinyoosha juu ya goti. Mumewe alisogea, akanyoosha mkono kumgusa begani. Hakujitenga naye. Alimwambia tu, kwa sauti aliyoitumia kwa wateja, anawe kwanza. Kiganja alikwenda kwenye bomba la uani, akanawa kwa sabuni hadi kwenye viwiko, akajifuta, akarudi na mikono yake mbele, safi, ikitoa harufu ya sabuni.

Mkewe aliitazama mikono ile kwa makini, kama anavyotazama mshono wa mtu mwingine.

"Nawa tena," alisema.